Alama isiyoonekana kwenye chupa: nani anunue kamera?

Weka mezani chupa mbili tupu: moja ilikuwa ya maji ya kunywa, nyingine ya sabuni ya maji. Zote ni plastiki ya PET. Mashine iliyozoeleka ya kuchambua taka hupiga mwanga wa infraredi na kusoma aina ya plastiki tu, kwa hiyo kwake hizo ni chupa ndugu na zitafungwa robota moja. Umoja wa Ulaya, kwa upande wake, unataka angalau 95% ya PET inayorejelezwa kwa ajili ya vifungashio vya vyakula iwe ilibeba chakula au kinywaji tangu mwanzo.

Hapo ndipo alama fiche za kidijitali zinapopata kazi. Ni msimbo mdogo kama stempu, unaoeleza chupa ilibeba nini, unaorudiwarudiwa kwenye lebo nzima au kufinyangwa ndani ya plastiki yenyewe. Jicho halioni kitu. Kamera iliyo juu ya mkanda unaopitisha taka huusoma hata chupa ikiwa imebonyea, kisha pumzi ya hewa huisukuma chupa upande wake. Mradi wa HolyGrail 2.0, ulioanza Ulaya mwaka 2020 na kukusanya kampuni zaidi ya 160, uliijaribu mashine ya namna hii Copenhagen. Ilitambua takriban 99% ya vifungashio vyenye alama.

Matokeo mazuri, ila vifungashio hivyo vilikuwa vimeshafika kwenye mkanda. OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri, inakadiria kuwa mwaka 2019 ni 9% tu ya taka za plastiki duniani iliyorejelezwa; nyingi zilizobaki zilifukiwa, zilichomwa au zilitapakaa ovyo. Chupa iliyo mtaroni haina wa kuisoma. Na pakiti ya tabaka tatu zilizogandishwa pamoja itatambuliwa barabara, kisha ikose mnunuzi, maana tabaka hizo ni ngumu kuzitenganisha.

Halafu kuna kutegeana. Mwenye bidhaa hana haja ya kuweka alama ikiwa hakuna kamera za kuisoma, na mwenye kiwanda cha kuchambua hanunui kamera huku alama zikiwa za kuhesabu. Wengine wanasema akili mnemba itaitambua chupa kwa umbo lake tu. Sina hakika: makopo mawili meupe, la mtindi na la rangi ya ukutani, yakishapondwa yana umbo gani?

Ningeanzia kwenye makopo hayo ya polipropilini, aina nyingine ya plastiki, na msimbo uwe kwenye kopo lenyewe, maana lebo hubanduka.