Kukutwa na chuma cha kuchokonolea kufuli kusiwe wizi

Kila anayeingia kwenye hobi ya kuchokonoa kufuli, yaani kulifungua bila ufunguo kwa kujifurahisha, huuliza swali lilelile: nikiagiza vifaa vya kuchokonolea kufuli, nitakuwa nimevunja sheria? Jibu fupi ni kwamba katika nchi nyingi kununua peke yake si kosa. Hata hivyo mimi naona swali lenyewe limekaa upande. Ningeuliza hivi: siku polisi wakivikuta kwenye begi lako, nani atabeba mzigo wa kuthibitisha? Wao waonyeshe kwamba ulitaka kuiba, au wewe uonyeshe kwamba hukutaka? Hapo ndipo sheria nzuri na mbovu zinapoachana.

Kwa asiyevijua, tunazungumzia vyuma viwili vyembamba. Kimoja kimepindwa pembeni. Unakiingiza kwenye tundu la ufunguo na kukikaza kidogo, kana kwamba unazungusha ufunguo. Cha pili kina ncha iliyopinda, nacho huinua pini za ndani moja baada ya nyingine. Kitasa cha silinda, cha aina ambayo Linus Yale Mdogo aliiboresha huko Marekani katika miaka ya 1860, mara nyingi kina pini tano au sita zinazosukumwa na springi. Kwa kuwa hakuna kiwanda kinachotoboa matundu yakakaa kwenye mstari mmoja bila kasoro hata chembe, ukikaza kidogo kuna pini moja hubana kabla ya wenzake. Ukiiinua hiyo, silinda hugeuka kiasi cha unene wa unywele, na kidole kinahisi mtikisiko mdogo. Unaitafuta inayofuata. Ukizidisha nguvu, zote hukwama. Ukilegeza, zote huanguka na unaanza upya. Raha yote iko hapo. Ni raha ya mtu asiye na haraka, na mwizi ana haraka.

Mwizi ana mtaimbo. Ana jiwe la kuvunjia dirisha, ana mkasi wa kukatia vyuma, na mara nyingi hahitaji chochote kwa sababu mlango umeachwa wazi. Mtaimbo unauzwa dukani bila mnunuzi kuulizwa anakwenda kuufanyia nini, na hivyo ndivyo inavyostahili. Sielewi kwa nini kijiti cha chuma kisichoweza kuvunja hata kioo kitiliwe shaka kuliko mtaimbo.

Sheria za Uingereza zinaonyesha vizuri jinsi mawazo yalivyobadilika. Sheria ya Wizi ya mwaka 1916 ilimtia hatiani mtu aliyekutwa usiku na funguo au vyuma vya kufungulia makufuli bila sababu halali, na ilisema wazi kwamba kuthibitisha sababu hiyo ni kazi ya mshtakiwa mwenyewe. Sheria ya mwaka 1968, kifungu cha 25, ilikuja na mtazamo mwingine: kosa ni kuwa na kitu, ukiwa nje ya makazi yako, kwa ajili ya kukitumia katika wizi au uvunjaji wa nyumba. Adhabu inafika miaka mitatu jela. Bado kukutwa na kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya wizi huhesabiwa kuwa ushahidi dhidi yako, lakini upande wa mashtaka ndio unaotakiwa kuishawishi mahakama kuhusu nia yako. Na ukivichezea mezani kwako, kifungu hicho hakikugusi. Ubaya ni kwamba lugha ile ya zamani, ya “usiku” na “bila sababu halali”, ilisafiri na utawala wa kikoloni, na ingali hai katika sheria za jinai za nchi kadhaa zilizotawaliwa na Waingereza.

Marekani kila jimbo lina lake. California inataka nia ya kuvunja na kuingia ithibitishwe. Virginia, kwa mtu asiye na leseni ya kuuza vifaa hivyo, kuwa navyo tu huchukuliwa kuwa ushahidi wa awali wa nia mbaya, kisha wewe ndiye ujitetee. Chuma ni kilekile na mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni mpaka aliouvuka. Kichekesho zaidi ni posta. Sheria ya shirikisho inazuia vifaa vya kufungulia makufuli visipitishwe posta ila viwe vinakwenda kwa mafundi wa kufuli, watengenezaji na wengine wachache waliotajwa. Kwa hiyo unaweza kuishi mahali ambapo ni halali kuwa navyo, lakini si halali kuletewa kwa njia ya posta.

Walio wakali ni Wajapani. Sheria yao ya mwaka 2003 inakataza kuwa na vifaa hivi bila sababu ya kikazi au nyingine ya msingi, na adhabu inafika kifungo cha mwaka mmoja au faini ya yeni 500,000. Nikiri kwamba hawakukurupuka: kulikuwa na wimbi la kweli la wezi waliokuwa wakichokonoa vitasa vya nyumba. Lakini watengenezaji wa vitasa nao walilazimika kutoa vitasa vigumu zaidi, na kwa maoni yangu dawa ilikuwa hiyo.

Mwaka wa Maonyesho Makubwa ya London, 1851, Mmarekani Alfred Charles Hobbs, fundi wa kufuli, alifungua kufuli la kampuni ya Chubb ya Uingereza kwa dakika kama 25. Kisha akalikabili la Bramah, kampuni nyingine ya kufuli, ambalo kwa miaka mingi lilikaa dirishani mwa duka na ahadi ya gini 200 (fedha ya Uingereza ya zamani) kwa atakayeliweza. Lilimchukua saa 51, zilizogawanywa katika siku 16, na zawadi akapewa. Watu walilalamika kwamba anawafundisha wezi. Wateja, kwa upande wao, walijua sasa walichokuwa wakinunua. Mpenda hobi wa leo anayelifungua kufuli hafifu mezani kwake anafanya kazi hiyohiyo, tena bila gini hata moja.

Anayetaka kuagiza asitegemee maneno ya muuzaji kwamba bidhaa ni halali. Muuzaji anazungumzia sheria ya kwao, wakati forodha itakayofungua kifurushi ni ya kwenu. Soma sheria ya jinai ya nchi yako, sehemu ya uvunjaji wa nyumba, utazame maneno mawili: “nia” na “uthibitisho”. Halafu kuna kanuni za wapenda hobi wenyewe, ambazo nazikubali zote mbili: fungua kufuli lako tu au la mtu aliyekuruhusu, na usiguse kitasa kinachotumika, hata cha mlango wako, kwa sababu pini ikiharibika utalala nje. Kama sheria yenu ni ya aina ile ya mwaka 1916, usizunguke na vyuma hivyo usiku hata kwa wema. Rafiki aliyepoteza ufunguo wa kufuli la sanduku lake, mwambie alilete kwako asubuhi.