Usikimbilie Doa la Pili

Wiki iliyopita kijana mmoja ninayemsaidia hesabu za nyota hapa Sinza alinijia na furaha ya mtu aliyeokota pochi. Mchoro wake wa mwangaza wa nyota, aliouhesabu kwa kompyuta, ulikuwa umelalia vipimo vyote, hakuna nukta hata moja iliyotoroka. "Mwalimu, imekubali!" Nikamuuliza ameweka madoa mangapi ya nuru. Akasema manne. Nikajua kazi bado.

Nyota yenyewe ni AM Herculis, jozi inayozungukana kwa saa 3 na dakika chache. Moja ni kibete cheupe: ukubwa wa Dunia, uzito unaokaribia wa Jua. Kinanyonya gesi ya mwenzake, lakini ugasumaku wake, takriban gausi milioni 14 (wa Dunia haufiki hata 1), hauiachi gesi itandae kama sahani. Unaikamata na kuishusha hadi kwenye ncha ya sumaku. Pale inajigonga, inachemka, na elektroni zake huzunguka mistari ya sumaku zikitoa nuru iitwayo ya saikilotroni. Hilo ndilo doa la nuru.

Wengi hufikiri ncha hiyo ni kama mnara wa taa wa mabaharia: ikikuelekea, inakumulika. Ni kinyume. Itazame ile taa ndefu ya tyubu dukani kwa Mangi. Ubavuni inawaka vizuri, ukiitazama kwa ncha imefifia. Ndivyo ilivyo nuru hii. Huwa kali zaidi ukiitazama kwa kukingama na mistari ya sumaku.

Sasa, kuigiza haya kwenye kompyuta si kazi ngumu sana. (Umeme ukikatika usiku wa manane katikati ya hesabu, hapo ndipo ugumu.) Shida ni vitufe, yaani namba tunazozichagua wenyewe: mlalo wa mzunguko, mwinamo wa sumaku, joto, msongamano, ukubwa wa doa. Kila doa jipya linaleta vitufe vyake. Ukiwa na vya kutosha utachora hata ramani ya Kigamboni.

Ndiyo maana siamini mwangaza peke yake. Max Wolf aliitambua nyota hii kuwa inabadilika mwaka 1923, na kwa zaidi ya miaka 50 hakuna aliyeona sumaku ndani yake. Mwaka 1976 Santiago Tapia akapima polarizesheni, yaani jinsi mawimbi ya nuru yanavyotikisika, akakuta sehemu yake inazunguka kama parafujo. Sumaku ikajitaja yenyewe.

Kwa hiyo nilimwambia kijana alinganishe pia polarizesheni. Ile ya mzunguko hupanda tunapotazama kwa kufuata mistari ya sumaku, ile ya mstari (mawimbi yakitikisika upande mmoja tu) tunapoitazama kwa kukingama. Madoa yake manne yalitoa mzunguko wa upande usio sahihi kwa karibu nusu ya duru. Tukayafuta, tukabakiza moja, refu kama upinde, kwa kuwa gesi haidakwi na mstari mmoja tu wa sumaku. Polarizesheni ikakaa karibu na vipimo, ila mwangaza ukaharibika kidogo.

Alinuna. Mimi naupenda mchoro huu kuliko ule wa kwanza. Una nukta saba zilizotoroka, zote mahali pamoja, pale ncha inapozama nyuma ya nyota. Tumeubandika ukutani, na leo jioni tunaanza na hizo saba.