Mchele Uliokula Ng'ombe Wanne

Naona binamu yangu ameniwahi. Tangu jana kila grupu la ukoo lina ile sauti yake, anacheka kuliko anavyoongea, na kule mwishoni anasema eti nilimziba baba mkubwa mdomo kwa "gundi ya Kichina". Kwanza si gundi. Pili si ya Kichina, ule mchele ni wa Thailand. Tatu, baba mkubwa hakuzibwa na mtu, aliziba mwenyewe mbele ya mashahidi baada ya kusema "lete nionje". Kwa hiyo tulieni niwape iliyo kamili, kabla jina halijanikaa. (Mlioshanisevu "Gundi" kwenye simu zenu nawajua mmoja mmoja.)

Mnajua kwamba Jumamosi wageni wa Singida walikuja kwetu Nkuhungu kwa mambo ya mahari ya mdogo wangu. Nyumbani kukiwa na shughuli, jiko la nje ni langu. Mbuzi wangu hajawahi kulalamikiwa, hata na shangazi ambaye hulalamikia maji ya kunywa. Sasa safari hii nikajiuliza: Singida wanatoka kwenye kuku, nyama utawatishia nini? Na hapo ndipo ikanijia ile video niliyoiona kwenye simu. Dada mmoja yuko Bangkok, anachoma vipande vya nanasi kwenye makaa, anavilaza juu ya kitonge cha wali mweupe wa nazi, anamwagia tui zito kwa juu, anauma, anafumba macho. Nikasema basi. Hawa watakwenda kusimulia mpaka Manyoni.

Kule kwao wali ule huliwa na embe zaidi, lakini embe Agosti hii Dodoma utaiota tu. Nikachukua nanasi, ndizi mbivu, na zabibu za Hombolo, maana Mgogo kuandaa kitu kitamu bila zabibu ni kuukana uraia. Nazi nikapata soko la Majengo. Minazi hatuna huku, nazi hufika ikiwa imesafiri kuliko mimi, kwa hiyo unaitikisa kwanza sikioni usikie maji ndipo utoe hela. Mchele ndio ulisumbua. Ikabidi nimwombe dada yetu wa Dar, akauokota kwenye duka linalouza vyakula vya Asia, akampa mtu anayepanda SGR, jioni hiyohiyo niko nao mkononi. Mfuko mzuri, maandishi ya Kithai matupu, na picha ya mkulima anacheka. Nilidhani anacheka kwa mavuno.

Punje zake ni nyeupe pe, hazipitishi mwanga kama zinavyopitisha za mchele wa Kyela. Mpwa wangu anayesoma UDOM alinieleza sababu siku ya Jumapili, yaani wakati elimu imeshakosa kazi. Anasema wanga wa mchele una pande mbili, amilosi inayosaidia punje zitengane, na amilopektini inayonata, na mchele huu amilosi karibu haimo. Ndiyo maana wenyewe hawauchemshi. Wanauloweka usiku kucha, wanachuja, halafu wanaupika kwa mvuke ndani ya kikapu cha mianzi, hauogelei kwenye maji hata kidogo. Tui lenye sukari na chumvi linakuja mwishoni, wali ukiwa umeiva na bado wa moto, kisha unafunikwa ulinywe taratibu.

Haya yote, nimekuja kugundua, yalielezwa kwenye video. Mimi niliitazama bila sauti kwa sababu nilikuwa kwenye kikao cha kazini. (Bosi, kama unasoma hapa, hicho kilikuwa kikao cha ofisi nyingine.)

Nikaupika kama tunavyopika wali wa nazi. Tui la pili likachemka, mchele ndani, sukari humohumo, koroga, likikauka ongeza tui la kwanza, funika, palia makaa juu. Nikaenda kumshughulikia mbuzi. Niliporudi nikafunua.

Ndugu zangu, ndani ya sufuria kulikuwa na kitu kimoja. Sisemi punje nyingi zilizoshikana, nasema kitu kimoja, kinang'aa, kinapumua. Nikachomeka mwiko, ukasimama wenyewe. Nikauvuta, sufuria ikaja. Mtu mwenye akili timamu angeita watoto, akachimba shimo nyuma ya choo, akazika. Mimi nikasimama pale sufuria ikining'inia kwenye mwiko na nikasema kwa sauti, mama yangu ni shahidi: "Umenata vizuri!"

Turudi kwenye jiko, maana huko ndiko nilikotendewa haki. Upepo wa Dodoma wa miezi hii hauna adabu, unachukua majivu unakuwekea machoni, unachukua cheche unampelekea jirani. Nikazungushia mabati mawili. Wavu ulikuwa uleule wa mbuzi. Niliusugua kwa kitunguu kilichokatwa, lakini duru ya kwanza ya nanasi ilitoka na harufu ya mbuzi na ndimu. Watoto wakaipigania. Zabibu nilizitunga kwenye vijiti vya mishikaki nilivyoloweka, zikaanza kupasuka moja moja, na moja ikamfuata shangazi mpaka kwenye kitenge chake kipya. Akaniuliza, "Baba, hivi mbuzi peke yake alikukosea nini?"

Lakini duru ya pili! Nisingizieni yote, nanasi langu msiliguse. Unakata unene wa kidole gumba, unasubiri makaa yavae majivu, unatia chumvi punje mbili tatu, unaliweka na huligusigusi. Sukari yake yenyewe inageuka kahawia, kingo zinakunjika, harufu inavuka ukuta. Jirani yetu alichungulia juu ya ukuta bila salamu. Ndizi nazo zilitoka laini kabisa. Kama ningepeleka matunda peke yake, leo mngekuwa mnaniomba namba ya Lipa.

Mama alikuwa ameniagiza jambo moja tu: usiingize chochote mpaka usikie vigelegele. Sasa vumbi lilianza kuja, jekundu lile, na mimi nina sahani zimepangwa nje, kila moja na kitonge chake nilichokikata kwa kisu kilicholowa maji, nanasi juu, tui juu. Nikasogea dirishani kusikiliza. Kimya. Kimya kabisa. Nikajua wamemaliza, sasa wanaona aibu kuomba chakula.

Kumbe kile kimya ndicho kikao chenyewe. Sisi tulikuwa tumetaja ng'ombe kumi na tano, Singida wakasema wanane, na baba mkubwa akanyamaza. Baba mkubwa ndiye msemaji wa ukoo, na kipaji chake chote ni kunyamaza. Anakutazama tu. Watu huongeza ng'ombe bila kuombwa ili mradi atazame pengine. Wazee walishampangia asishuke chini ya kumi na mbili, na kwa taarifa nilizozipata baadaye, mshenga wao alishaanza kujikuna shingo.

Ndipo mlango ukafunguliwa na nikaingia na sinia. "Mbukwenyi!" Nikaitikiwa na mtu mmoja, tena mtoto.

Mshenga wao, mzee mwembamba mwenye koti la kijivu, akalitazama sinia, akamtazama baba mkubwa, akatabasamu. Yule mzee ni hatari. "Mzee mwenzangu," akasema, "kijana ametuletea. Tuonje, kisha tuendelee." Na baba mkubwa, akiona amepata njia halali ya kuendelea kunyamaza, akanyoosha mkono. "Lete nionje."

Hapa naomba muende nami polepole.

Alichukua kijiko. Kijiko kikaingia kwenye kitonge, kikakataa kutoka. Akavuta, sahani ikamfuata. Akaishika sahani kwa mkono wa kushoto, akavuta kwa wa kulia, na ule wali ukaanza kurefuka. Ukarefuka. Wageni wote wakawa wanautazama unavyorefuka. Mwishowe ukakatika, na pande kubwa, kubwa kuliko alivyokusudia, likabaki kwenye kijiko, na kwa kuwa mtu mzima hawezi kurudisha chakula kwenye sahani mbele ya wakwe, akalitia lote mdomoni.

Akatafuna mara ya kwanza. Uso wake ulikuwa mzuri tu, hata akanitikisia nyusi. Mara ya pili, taya likashuka vizuri lakini likapanda kwa shida. Mara ya tatu likashuka nusu. Halafu likasimama.

Kuna jambo ambalo ukoo mzima tunalijua na hatulisemi, ila kwa kuwa binamu yangu ameshalitangaza, basi: meno ya chini ya baba mkubwa ni ya kuvaa. Nikaona macho yake yanapanuka. Nikaona shavu la kushoto linavimba, linashuka, linavimba la kulia. Alikuwa anayatafuta kwa ulimi. Mimi niliyekuwa karibu nilisikia mlio mdogo, *tok*, na nikajua kwamba meno yameachia fizi na sasa yako upande wa wali.

Mkono wake ukaenda mdomoni. Akaubana.

Na ni dakika hiyohiyo, wala si nyingine, mshenga alipoweka sahani yake chini (hakuwa ameionja, mshenzi yule, alikula nanasi tu) akakohoa na kusema: "Basi wazee, sisi tunarudia pale pale. Ng'ombe wanane. Mnasemaje?"

Vichwa vyote vikageuka kwa baba mkubwa. Kwetu tulishakubaliana anaongea mmoja. Baba amekaa kimya kwa mila. Baba mdogo ndiye angeokoa, lakini naye alikuwa na kitonge, anatazama dari, machozi yanamtoka.

Baba mkubwa akainua kidole kimoja. Mimi nilimwelewa, alikuwa anaomba dakika moja. Mtu yeyote mwenye utu angeelewa.

"Na mmoja?" mshenga akasema. "Sawa! Tunaongeza mbuzi mmoja wa bibi. Wanane na mbuzi. Tumeafikiana?"

Nikafungua mdomo. "Samahani wazee, baba mkubwa ana..." Shangazi, aliyekuwa ameingia nyuma yangu na doa la zabibu kifuani, akanifinya kiunoni mpaka nikaona nyota. Mtoto haingilii.

Na wakati huo baba mkubwa aliamua kumeza. Ninyi mmeshawahi kumeza kitu kikubwa kwa kulazimisha? Kichwa kinakwenda mbele, kinarudi, kinakwenda mbele. Alifanya hivyo kwa nguvu zake zote, mkono ukiwa mdomoni, macho yamefumbwa, mara ya kwanza, mara ya pili, na kwa mtu aliyekaa ng'ambo ya chumba ule ulikuwa mtikiso wa kichwa wa mzee aliyeguswa moyoni, anayekubali huku akijizuia kulia.

Vigelegele vikapigwa. Mama jikoni akasikia, akapiga vyake pia. Mshenga akavuka chumba kwa hatua mbili, akaushika ule mkono wa baba mkubwa uliokuwa huru, akautikisa, akageuka kwa watu wake: "Wazee wa Ugogo wana hekima. Hawana maneno mengi."

Yaliyobaki nayapitia haraka. Baba mkubwa alipelekwa uani, maji ya uvuguvugu, kikombe, binamu yangu akishika tochi kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine. Meno yalipatikana salama. Alipopata sauti yake alisema maneno ambayo siyaandiki hapa maana kuna watoto, lakini mikono ilishashikwa na karatasi ilishaandikwa, na kwa wazee wetu hilo limeisha. Usiku ukoo ukakaa. Hoja ya kwanza ilikuwa nani atafidia wale wanne hadi kumi na wawili, na kwa kuwa siku hizi ng'ombe wenyewe wanahesabiwa kwa hela, watu waligeuka kunitazama wakiwa tayari na kikokotoo. Mimi nikasema mbona mbuzi hawamhesabu, nimewaingizia mbuzi. Hakuna aliyecheka. Mdogo wangu peke yake ndiye amenitumia ujumbe wa siri wenye mioyo mingi, kwa sababu mchumba wake sasa anasema bati za nyumba zitapatikana kabla ya Krismasi.

Ile sufuria bado imelowekwa. Mama mkwe mtarajiwa wa mdogo wangu amepiga simu kuomba nimwelekeze nanasi linavyochomwa, nanasi tu, akarudia mara mbili. Na kamati ya harusi imeshagawa kazi: mbuzi amepewa binamu yangu, mimi nimepangiwa kuelekeza magari pa kuegesha. Mtakaokuja Desemba, msizibe geti la jirani.