Ukoo mzima melini: nani analipa, nani anapika

Likizo ya Agosti ikikaribia, mabishano hurudi katika familia za Malindi zenye watu wao Italia, na hizo si haba. Walioko huko wanapendekeza: tukutane melini, meli ya starehe, siku saba kutoka bandari za Italia kama Genova au Civitavecchia, bibi na wajukuu wote. Wa nyumbani wanajibu kwa neno moja: israfu. Kwa pesa hizo, wanasema, tungekodi nyumba nzima Shela, kule Lamu, tukachukua jahazi hadi Takwa na Kipungani, tukala samaki mpaka tukachoka, na chenji ikabaki.

Kwenye karatasi wa nyumbani wanashinda, na sitajifanya kuwa meli ni rahisi. Lakini hesabu yao ya Lamu ina shimo ambalo sijaona mtu akiliziba.

Tazama asubuhi ya pili ya likizo ya namna hiyo. Saa moja, wanaume wako barazani, watoto wameshakimbilia ufuoni. Jikoni wakwe wawili wamekalia mbuzi wanakuna nazi ya mbaazi, wa tatu anasukuma mahamri ya watu kumi na wawili. Wakimaliza kuosha vyombo, wali wa mchana unangoja. Jioni wanaulizwa kwa nini hawakuja kwenye jahazi. Siku saba hivyo, kisha tunasema familia imepumzika. Familia gani? Kazi yao haikuandikwa popote, ndiyo maana safari ilionekana nafuu. Na sokoni ni yale yale. Kaka mmoja ananunua samaki kila siku kwa kuona haya kudai, na deni lile linazuka miezi baadaye kwenye ugomvi wa jambo jingine kabisa.

Melini chakula kikuu kimo ndani ya nauli. Hakuna anayekuna nazi, na kila nyumba imeshalipa fungu lake kabla ya kuondoka. Kwa familia kubwa, hilo lina thamani ambayo wanaotaja israfu hawaipimi.

Sasa bei yenyewe, maana tangazo husema nusu tu. Ile nauli inayoandikwa kwa herufi kubwa ni ya mtu mmoja, kwa sharti kwamba kabini inalaliwa na wawili. Wa tatu na wa nne, wanaolala vitanda vya kushushwa kutoka ukutani au darini, kwa kawaida hulipa pungufu, na zipo kampuni ambazo mtoto akilala na wazazi hulipiwa ushuru wa bandari na gharama ndogo tu. Kabini za wanne si nyingi na huwahi kuisha. Anayelala peke yake huumia, kwani anaweza kutozwa karibu nauli ya watu wawili. Shangazi mjane basi apewe wajukuu wawili: kabini imejaa, na wazazi wa watoto wamepumua. Watoto wachanga wa chini ya miezi sita kwa kawaida hawapandi, wala mjamzito aliyefikisha wiki ya 24, kwa hiyo maharusi wa mwaka jana waulizwe mapema, kwa adabu.

Kinachonisumbua zaidi ni bahshishi ya wahudumu, inayotozwa kila siku juu ya nauli. Kampuni kubwa za Kimarekani hutoza takriban dola 16 hadi 20 kwa kichwa kwa siku. Za Ulaya mara nyingi huwa chini ya hapo. Chukua 16, watu 12, siku 7: dola 1,344. Kwa shilingi 129 kwa dola, hiyo ni zaidi ya shilingi 170,000, na haimo kwenye tangazo. Nimeirudia hesabu hii nikitafuta pa kuipunguza, sikupata. Hata hivyo inajulikana tangu mwanzo na inaweza kulipwa pamoja na nauli, jambo ambalo huwezi kulisema kuhusu kaka na samaki wake.

Upande wa pili wa sarafu unatufaa sisi. Kampuni kubwa za meli hupata takriban theluthi ya mapato yao kwa kuuza vitu vya ndani: pombe, kamari, matembezi ya bandarini. Familia isiyokunywa wala kucheza kamari, inayoshuka bandarini na kutembea kwa miguu, inapanda kwa nauli ambayo wengine wameisaidia kushuka. Maji, chai na kahawa kwenye ukumbi wa kujipakulia chakula kwa kawaida havina malipo ya ziada. Ila hapo hapo ndipo wazee wanapokataa, na sioni sababu ya kuwacheka: kukaa wiki nzima kwenye chombo chenye baa kila ghorofa ni jambo la dhamiri, bei haiwezi kulijibu. Chakula cha halali kinapaswa kuombwa wakati wa kuweka nafasi. Ukingoja hadi umefika mezani, utakula samaki na mboga siku saba, na hata mchuzi wa samaki utabidi uulizwe una mvinyo au hauna.

Hoja nzito kuliko zote za upande wa nyumbani, ambayo ajabu haitajwi sana, ni viza. Tangu Juni 2024 viza ya Schengen, ile ya kuingia Italia na nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Walio chini ya 6 hawalipi. Watu wazima wanane na watoto watatu ni euro 855, bila gharama za kituo cha maombi, na ukikataliwa hairudi. Kila mwenye miaka 12 na zaidi hutoa alama za vidole mwenyewe, bibi naye. Njia ikigusa Uturuki mtakuwa mmetoka Schengen, hivyo viza lazima iruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Pasipoti mpya za kurasa 34 kwa watu 12, kwa shilingi 7,550 kila moja, ni 90,600.

Na akinyimwa mmoja? Akinyimwa bibi, safari nzima imepoteza maana. Maombi hayapokelewi kabla ya miezi sita ya safari, na meli nyingi hutaka malipo ya mwisho kiasi cha siku 90 kabla ya kung'oa nanga. Baada ya hapo makato ya kughairi hupanda haraka. Dirisha ni hiyo miezi mitatu katikati. Anayelipa amana isiyorudishwa kabla ya viza anabahatisha, tena kwa pesa za watu.

Shilingi nayo si ya kuaminiwa. Januari 2024 dola ilikaribia shilingi 160, na miezi michache baadaye ikashuka hadi karibu 130. Mchango uliopangwa kwa shilingi mwaka mzima kabla unaweza kupwaya au kubana vibaya, ndiyo maana ningependa walioko Italia wabebe nauli kwa euro, na wa nyumbani wabebe pasipoti, viza na ndege.

Mimi, viza zikipatikana, ningeipa kura meli, tena likizo ya Aprili badala ya Agosti, mwezi ambao Waitalia wenyewe wako likizoni na nauli za Mediterania ziko juu. Viza zisipopatikana, Lamu iko pale pale, lakini bajeti yake iongezewe mstari mmoja: mpishi na msaidizi wake, siku zote saba, kwa ujira kamili. Mkishauandika, nileteeni hesabu zote mbili tulinganishe.