Wawili, Siku Tatu

Shangazi yangu anaishi Uyole, pale njia ya Tukuyu inapoachana na barabara kuu ya Dar, na anauza chochote ambacho mtu wa njia panda anaweza kukihitaji: mchele wa Kyela, maparachichi ya Rungwe, vifaranga, na kitanda cha kulala. Biashara aliianza na wenzake wawili, wakajiandikishia jina kwenye intaneti, refu kama foleni ya mbolea, lenye neno "wenzake" katikati. Wenzake wakaondoka mmoja mmoja. Mwaka jana akaniita.

"Baba, kila nikilisoma hilo jina presha inapanda. Nataka jina langu mwenyewe. Na liishie na tz."

Mimi ndiye fundi wa kompyuta wa ukoo. Nina kibanda Mwanjelwa, kazi yangu hasa ni printa zilizogoma, lakini kwa ndugu zangu anayejua printa anajua vyote.

Kununua jina jipya haikuwa shida. Shida ni kwamba lile la zamani lilishachapwa kwenye viroba vya mchele, limepakwa rangi ukutani, na limo ndani ya simu za wateja. Tena halikuwa moja. Kila biashara ilikuwa na mlango wake: kuku nukta jina, mchele nukta jina, parachichi nukta jina, wageni nukta jina. Mafundi huviita sabdomeini. Ukihamisha jina ukavisahau hivyo vineno vya mbele, wateja wote unawamwaga sebuleni waanze kuulizana njia. Mimi nilitaka anayebisha hodi mchele wa zamani ajikute mchele mpya, kwenye ukurasa uleule aliouomba, asijue hata kama kuna mtu kahama.

Niliyoyafanya vizuri niyaseme sasa, maana hayajirudii. Niliweka alama ya nyota kwenye DNS, yaani daftari la intaneti linaloonyesha jina lipi liko kwenye seva ipi, ili neno lolote litakalotangulia jina jipya lifike kwenye seva yetu. Nikachukua vyeti vya Let's Encrypt, vya kukihakikishia kivinjari kwamba tovuti ni yenyewe, navyo vya nyota, kwa majina yote mawili, kwa sababu kivinjari hukagua kwanza cheti cha jina la zamani ndipo kikubali kuelekezwa kwingine. Hilo wengi hulisahau. Mimi sikulisahau. Nilisahau jingine.

Seva yetu inatumia Apache, programu inayopokea maombi ya wateja na kuwapa kurasa. Humo unaandika mistari miwili. Mmoja unatazama jina lililoombwa, unanyofoa kineno cha mbele na kukishika kama %1. Mwingine unashika njia ya ukurasa kama $1. Kisha unaunga anwani mpya: asilimia mbele ya jina, dola nyuma yake. Ilikuwa Julai, saa sita usiku, na anayeijua Mbeya ya Julai hataniuliza kwa nini nilikuwa naandika nimevaa glavu. Nikaweka dola mbele, na dola nyuma.

Matokeo yake, aliyeomba ukurasa wa oda wa wageni hakupelekwa kwa wageni. Alipelekwa oda nukta jina jipya, mahali ambapo hapapo. Kwa ile nyota yangu, hata pasipokuwapo pakafika kwenye seva. Na Apache ikipokea jina isilolijua haimfukuzi mtu. Inamkabidhi kwa tovuti ya kwanza kwenye mafaili. Mafaili yangu yamepangwa kwa alfabeti. Kuku, mchele, parachichi, wageni.

Sasa sikia nilivyojaribu. Nikashika simu, nikaandika anwani ya zamani ya kuku, ukurasa wa oda. Ikaja fomu ya oda ya kuku. Nikamshukuru Mungu, nikavua glavu, nikalala.

Fomu yenyewe niliichora mara moja tu, nikainakili biashara zote. Ina nafasi nne: Jina, Idadi, Siku, Mapokezi. Kwa wageni, idadi ni watu na siku ni za kulala. Kwa kuku, idadi ni vifaranga na siku ni umri wao. Nilipoibuni nilijiona mjanja sana.

Alhamisi mteja wa Dar mwenye kiungo cha zamani kwenye simu yake akaijaza. Picha ya juu haikumfungukia, mtandao wenyewe mnaujua. Shangazi akapokea ujumbe, upande wa kuku: "2. Siku 3. Uyole kituoni, Jumamosi jioni." Akanipigia hapohapo.

"Vifaranga wawili! Mimi nauza boksi la mia. Huyu anafuga au anatafuta marafiki?"

"Shangazi, mteja ni mteja. Labda anaonja kwanza."

"Kifaranga hakionjwi!"

Lakini Shangazi oda akishaipokea haiachi. Jumamosi alichagua wawili wa siku tatu kamili, akawaweka kwenye boksi la biskuti lililotobolewa matundu, na pembeni chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kipande cha kanga, kwa sababu baridi ya Uyole jioni haimwogopi hata mwenye koti. Akaandika na karatasi: siku ya saba chanjo ya kideri, usisahau. Vyote akampa kijana wa bodaboda.

Basi lilifika saa moja na nusu usiku. Wakashuka mzee na mkewe, mabegi matatu. Kijana akauliza jina, likawa lenyewe. Akamkabidhi mzee boksi.

Yaliyofuata nimesimuliwa na yule kijana, na kila akisimulia anaongeza. Mzee alilishika boksi, likalia.

"Nini hii?"

"Mzigo wako, mzee. Wawili, siku tatu."

"Wawili ni sisi! Siku tatu ni zetu!"

Mama akachungulia tundu, akasema kwa upole, "Mzee mwenzangu, labda huku ndivyo wanavyopokea wageni." Kijana, akitaka kusaidia, akawasomea karatasi: "Na mnatakiwa mchanjwe siku ya saba."

Nilifika Uyole kwa bajaji, laptopu kwapani. Wageni walishapewa chumba na sasa wanapewa supu. Shangazi kasimama mlangoni, mikono kiunoni. Kosa nililiona ndani ya dakika moja. Makosa huonekana vizuri sana ukiwa na shangazi mgongoni. Nikafuta dola ya mbele, nikaweka asilimia. Kwenye laptopu wageni wakaenda kwa wageni, mchele kwa mchele.

"Tayari, Shangazi. Jaribu kwa simu yako."

Akabonyeza kiungo alichokuwa amekifungua juzi yake. Kuku. Akabonyeza tena. Kuku.

Katika kuelekeza nilikuwa nimetumia namba 301, yaani nimehama moja kwa moja. Kivinjari kikiambiwa hivyo kinaamini, kinahifadhi, safari nyingine hakiendi hata kuuliza. Mwenye akili hutangulia na 302, ya muda, akiridhika ndipo aipandishe. Mimi nilifunga ndoa kabla ya posa. Ikabidi tufute kumbukumbu za kivinjari, na Shangazi hamwachii mtu simu yake: mimi naelekeza, yeye anabonyeza, na mzee wa Dar, bakuli mkononi, anatoa ushauri.

Oda nyingine za wiki ile tulizipitia moja moja. Kuna aliyetaka magunia kumi ya mchele, kwenye kuku akaonekana anataka kumi. Tulimwahi boksi likiwa linatobolewa.

Siku ya tatu wageni wakaondoka. Shangazi akawapa vifaranga bure, mzee akasema amewazoea lakini kondakta hatawazoea. Basi Shangazi akanisukumia mimi boksi. "Wako hawa. Lisha."

Nimewalisha. Mmoja nilimwita Asilimia, sasa anataga. Mwenzake Dola, katoka jogoo, na kila giza likiingia analipita banda letu, anakwenda kulala la jirani.