Meno ya Mjomba na Mpichi wa Kuchelewa

Muuza miche aliniambia kwa sauti ya chini, kama anatoa siri: "Huu ni mpichi wa aina mpya, unachelewa kuiva. Wenzako wakishamaliza, wewe ndiyo kwanza unaanza." Mimi nilichosikia ni "wenzako wakishamaliza". Neno "unachelewa" liliingia sikio hili likatokea lile.

Mwaka wa 3 mti ukazaa. Nikapunguza matunda nilivyoelekezwa, nikiacha moja kila sentimita 15 au 20, na kila nililolitoa nililiomba radhi. Yaliyobaki yakavimba upesi hadi kufikia yai la njiwa. Halafu yakagoma.

Wiki zikapita. Jirani alivuna yake, akala yote akiwa ameegemea ua ili nimwone vizuri. Yangu, kimya. Kila asubuhi niliyazungushia uzi kuyapima.

"Unayashonea suti?" mke wangu akauliza.

Nikamwaga maji, nikaongeza mbolea, nikabembeleza, nikatukana. Kumbe mti haukuwa na neno. Pichi hukua kwa vipindi vitatu: kwanza hupanuka haraka, kisha husimama likikomaza kokwa, mwisho huvimba tena na kujaa maji. Katika aina za kuchelewa, kile cha katikati hurefuka mno. Aina za mapema huweza kuiva miezi 3 hivi baada ya maua. Hizi zetu huweza kuvuka 5. Haya nimeyajua baada ya fedheha.

Maana siku moja yaliona haya mashavuni. Mekundu! Nikaita ukoo mzima. Nikachuma yote, nikayapanga kwenye sinia, nikatoa hotuba kuhusu subira. Mimi, hotuba ya subira.

Kwa heshima, wa kwanza kuonja akawa mjomba. Akachagua lililo jekundu kupita yote, akafumba macho, akang'ata.

Ko!

Alipolitoa pichi mdomoni, lilitoka na meno yake ya juu, safu nzima ya bandia, yamezama kwenye tunda kama shoka kwenye gogo. Pichi likawa linatuchekea. Hakuna aliyethubutu kucheka, mpaka mtoto mmoja aliposema, "Mama, tunda lina meno." Hapo ukoo ukasambaratika. Shangazi alianguka kutoka kwenye kiti na hakujisumbua kuinuka.

"Mpwa wangu," mjomba akasema kwa fizi, "umenialika kula au kuvunja kokoto?"

Tulihitaji kisu na watu wawili kuyakomboa yale meno.

Wekundu wa pichi, jamani, ni vipodozi tu, jua ndilo linalopaka. Anayetaka kujua kama limeiva atazame rangi ya chini, pale karibu na kikonyo: kijani kikigeuka manjano, ndipo. Yangu pale kwenye kikonyo yalikuwa ya kijani kama chura.

Nikayaweka kapuni nikitumaini yataivia ndani. Lakini pichi lililochumwa changa haliivi, linazeeka tu. Yalikunjamana yakawa yananitazama kama baraza la wazee waliokwishatoa hukumu.

Wiki 7 baadaye, natafuta tawi la kukata, nikaona kitu cha manjano kileleni nyuma ya majani. Pichi moja nililolisahau. Kubwa kama ngumi, limelainika, harufu yake ilinifikia kabla sijalifikia. Nikalichuma kwa mikono miwili. Nageuka, mjomba huyu hapa langoni. Aliambiwa na nani, sijui mpaka leo.

Hakuongea. Alitoa meno yake, akaniwekea kiganjani, akachukua pichi. Alilinyonya taratibu kwa fizi, maji yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko, nami nimesimama na meno mkononi kama mhudumu.

Alipomaliza alinipa kokwa, akachukua meno yake, akaenda zake.