Gemu tumeshainunua, tunalipia nini tena?

Jumamosi iliyopita nilimkuta mpwa wangu kwenye banda la gemu hapa Mwananyamala, pedi ya kuchezea gemu mkononi, macho hayabanduki kwenye televisheni. Alikuwa amempa kijana mmoja mwenye kadi ya benki shilingi 20,000 amnunulie sarafu za gemu ya mpira. Sarafu hizo zinanunua pakiti za wachezaji wa kuongeza kwenye kikosi, na hujui utampata nani mpaka uifungue. Akafungua pakiti ya kwanza. Taa zikawaka, moshi ukafuka, mashabiki wakapiga kelele, kisha akatokea beki ambaye tayari anaye. Pakiti ya pili, beki yuleyule. Hela ya kubeba mizigo sokoni wiki nzima ikayeyuka hivyo, na mimi nimesimama pale naangalia.

"Mjomba, bila hivi kampuni za gemu zitafilisika," akaniambia. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi, na siyakubali.

Chukua GTA V, gemu ya uhalifu wa mjini. Ilitoka Septemba 17, 2013, na ndani ya siku tatu mauzo yake yakafika dola bilioni 1. GTA Online, sehemu yake ya kucheza na wengine mtandaoni, ambako ndiko pesa za kutumia ndani ya gemu zinakouzwa kwa pesa halisi, ilifunguliwa Oktoba 1. Yaani bilioni ile ilipatikana kwa watu kununua gemu tu, basi. Kinachoniuma zaidi ni kilichofuata. GTA IV, iliyoitangulia, ilipata hadithi mbili za nyongeza, zote mwaka 2009. Ukilipa, unajua unapata nini. GTA V imepitisha nakala milioni 200 na mpaka leo haijapata hadithi ya nyongeza hata moja kwa anayecheza peke yake. Kwa nini wahangaike kuitunga, wakati mlango wa pili, GTA Online, unaingiza hela kila siku? Hiyo mimi siiti haja. Ni faida iliyokwishapatikana, ikatafutiwa faida nyingine juu yake.

Gharama za kutengeneza gemu zimepanda, hilo ni kweli kabisa. Bei nayo imepanda: tangu mwaka 2020 gemu nyingi kubwa zimetoka dola 60 hadi 70. Na gemu ya Elden Ring ya mwaka 2022 iliuza nakala milioni 12 kabla ya wiki tatu kuisha, bila duka la sarafu ndani yake. Baldur's Gate 3 nayo haikuwa na duka hilo, ikatwaa tuzo ya Gemu ya Mwaka 2023.

Gemu za bure zinazouza vitu ndani yake sina ugomvi nazo, fundi naye lazima ale. Ugomvi wangu ni na anayekuuzia gemu kwa bei kamili kisha akakuwekea bahati nasibu ndani. Ubelgiji ilitamka mwaka 2018 kwamba pakiti za namna hiyo, ukizilipia bila kujua kilichomo, ni kamari. Sisi mtaani tunawafukuza watoto kwenye mashine za kamari za kutumbukiza sarafu, halafu tunawaachia kamari ileile kwenye pedi kwa sababu imevaa jezi.

Nilimuuliza mpwa wangu toleo jipya likitoka wachezaji wake wanahamia huko. Akatikisa kichwa. Wote wanabaki kwenye toleo la zamani, hata wale aliowalipia, na kwenye jipya anaanza na kikosi kitupu.